Jinsi ya Kunyanyua Kikombe cha Kahawa Bila Kumwaga

Mahitaji: kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu, kile kisicho na mkono, kimejazwa karibu na ukingo. Mkono mmoja, pamoja na bega lake. Seli za neva zipatazo bilioni 86, ambazo huna haja ya kuzitafuta dukani kwa kuwa unatembea nazo siku zote. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2009 na watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, na ndani yake mna jambo la kumfurahisha kila apendaye mwendo: karibu bilioni 69 kati ya hizo zimejazana katika serebelamu, kile kipande cha nyuma ya kichwa kinacholainisha miondoko. Gamba la ubongo, tunalolihusisha na fikra na maneno, limepata bilioni 16 tu.

Hitaji la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote, ni matarishi. Seli ya neva kwa kawaida haigusani na jirani yake. Kati yao upo mwanya wa nanomita 20 hivi, na umeme unaofika ukingoni huishia hapo. Inachofanya seli ni kumwaga kemikali. Kemikali huvuka mwanya, hunasa kwenye kipokezi cha ng'ambo, na jirani huamka au hunyamaza. Nitaziita kemikali hizo matarishi kwa sababu zinafanana na tarishi wa ofisini kwa jambo moja: yeye hubeba barua, lakini kitakachotokea baadaye kinategemea nani ameifungua.

Soma hatua zote kabla ya kuanza. Kahawa itapoa kidogo.

Hatua ya kwanza: usisogee

Wengi huanza kwa kunyoosha mkono. Huko ni kuruka hatua. Kabla mkono haujanyooka, hakikisha mwili mzima umezuiwa, kidole kwa kidole.

Ndani kabisa ya ubongo, chini ya gamba lake, kuna kundi la viini liitwalo ganglia basali. Kimojawapo, globasi palidasi ya ndani, hakipumziki. Kwa nyani aliyetulia, seli zake hupiga makumi ya mara kila sekunde, mara 60 hadi 80 hivi, na kila mpigo humwaga tarishi aitwaye GABA juu ya talamasi. Kazi ya GABA hapo ni kunyamazisha. Talamasi ndiyo ingeliamsha gamba la ubongo liagize misuli, lakini imebanwa. Kwa hiyo unapokaa barazani ukidhani hufanyi kitu, ubongo wako unafanya kazi kubwa ya kukataza: usipige teke, usigeuze shingo, usichukue kashata ya mwenzio.

Naomba msomaji alishike jambo hili kwa mikono miwili, kwa kuwa yote yajayo yamesimama juu yake. Tunazoea kudhani kwamba mwili uliotulia ni mwili ambao haujapewa amri, na kwamba kusogea ni kusukumwa. Ganglia basali zinatufundisha kinyume. Miondoko mingi imo tayari, imezuiwa, na kusogea ni kuruhusiwa.

Kinachotokea makatazo yakiondoka kinajulikana katika wodi yoyote iliyowahi kupokea kichanga mwenye pepopunda. Bakteria wa pepopunda hutoa sumu inayopanda kupitia neva hadi uti wa mgongo, na huko huikata protini ambayo seli za kuzuia huitumia kumwaga matarishi wao, glaisini na GABA. Zile za kuamsha zinabaki zikipiga bila mpinzani. Taya hufunga, mgongo hupinda kama upinde, na mwanga au sauti kidogo tu huleta mkazo mwingine. Mtoto huyo hakupewa nguvu mpya. Amenyang'anywa uwezo wa kuzuia, na misuli yake mwenyewe inamtesa. Ndiyo maana mama mjamzito huchanjwa sindano ya pepopunda, na ndiyo maana sioni chanjo nyingine yenye kazi iliyo wazi kuliko hiyo.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ni jinamizi. Usingizi wa ndoto una makatazo yake: glaisini na GABA hushika seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli, ili ukiota unakimbizwa na nyati usiruke kitandani ukavunja taa. Wakati mwingine akili huamka kabla makatazo hayajaondolewa. Unaona dari, unasikia jogoo, unajua uko chumbani kwako, na huwezi kuinua hata kidole, kifua kizito kana kwamba mtu amekikalia. Baada ya sekunde kadhaa au dakika chache matarishi hao hulegea, nawe unakurupuka. Aliyewahi kukabwa na jinamizi ameonja kwa mwili wake maana ya kutokuruhusiwa.

Hatua ya pili: itake kahawa

Hatua hii ni fupi. Itake tu. Gamba la mbele la ubongo litatuma glutameti, tarishi mkuu wa kuamsha, hadi striatamu, mlango wa kuingilia ganglia basali. Seli za striatamu ni nzito kuamka. Barua moja haziijali, zinataka nyingi zifike kwa pamoja. Kwa hiyo usitake nusunusu.

Hatua ya tatu: mwite dopamini

Hapa usiharakishe. Ubongo ukikatwa sehemu ya kati, huonekana kwa macho matupu michirizi miwili ya rangi nyeusi, mmoja kila upande. Ndiyo substansia nigra. Weusi huo ni neuromelanini, rangi inayotokana na dopamini yenyewe na kujilimbikiza ndani ya seli kadiri mtu anavyokua. Mtoto mchanga hana weusi huo. Seli za dopamini za hapo, pande zote mbili, hukadiriwa kuwa kati ya 400,000 na 600,000. Zilinganishe na bilioni 86 uone jinsi mwendo wa mtu ulivyokabidhiwa kwa wachache. Kila moja hunyoosha aksoni yake hadi striatamu na kugawanyika matawi mengi kiasi kwamba, kwa makadirio, seli moja ya binadamu hufikia vituo zaidi ya milioni.

Katika utulivu seli hizo hupiga taratibu, kama mara nne au tano kwa sekunde, na mapigo hayo huweka kiwango cha kudumu cha dopamini ndani ya striatamu. Kikitokea kitu cha thamani, kwa mfano harufu ya tangawizi kwenye buli la shaba, hupiga kwa mkupuo wa haraka kufikia kama mara 20 kwa sekunde.

Sasa barua imefika, na ni lazima tutazame nani anaifungua. Striatamu ina makundi mawili makubwa ya seli. Kundi la kwanza lina vipokezi vya D1: dopamini ikivishika, kemia ya ndani ya seli hupanda, na seli huisikiliza zaidi glutameti. Kundi hili hutuma GABA moja kwa moja kwenye ile globasi palidasi ya ndani. Mzuiaji anazuiwa, talamasi inafunguka, mkono unapata ruhusa. Kundi la pili lina vipokezi vya D2: dopamini ileile ikivishika, kemia hushuka, na seli hupunguza usikivu. Kundi hili, likiamka, hupita njia ndefu, kupitia globasi palidasi ya nje na kiini cha chini ya talamasi, na mwisho wake ni kuyaongezea nguvu makatazo. Kwa hiyo tarishi mmoja, kwa wakati mmoja, humpa nguvu anayeruhusu na kumtuliza anayekataza. Sijui katika mwili mzima mpangilio unaonistaajabisha kuliko huu.

Mwaka 2010 watafiti wa San Francisco waliujaribu kwa panya ambao seli zao ziliweza kuwashwa kwa mwanga. Walipowasha kundi la D2, panya waliganda na kupoteza wepesi. Walipowasha kundi la D1, walitembea zaidi, hata wale waliokuwa wamepunguziwa dopamini. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba panya mzima anapoanza tendo, makundi yote mawili huamka pamoja. Hilo halivunji habari ya kwanza, linaikamilisha: ili kikombe kinyanyuliwe, tendo moja liruhusiwe na mengine yote yaliyokuwa yakisubiri yabanwe vizuri zaidi, la sivyo mkono ungefuata kikombe huku mguu ukifuata paka.

Wanaoiita dopamini kemikali ya raha wamechukua kipande kidogo cha kazi yake. Mtu wa kwanza kuionyesha dunia kazi yake kubwa ni Msweden Arvid Carlsson. Mwaka 1957 yeye na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza akiba ya matarishi wa aina hii ndani ya seli. Sungura walilala, masikio yameanguka, hawasogei. Kisha wakadungwa dopa, malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Kabla ya nusu saa kupita, masikio yalisimama na sungura wakaanza kutembea. Mwaka 1960 Carlsson alipeleka hoja zake kwenye mkutano wa wanasayansi jijini London, na wakubwa wa taaluma waliokuwapo walizipokea kwa mashaka. Nobel ilimfikia mwaka 2000.

Reserpini yenyewe ilitolewa katika mzizi wa mmea wa India uitwao kitaalamu Rauvolfia serpentina. Jenasi hiyo tunayo nyumbani: msesewe, ambao gome lake Wachaga hulitia katika mbege ili ipate uchungu wake, ni Rauvolfia pia.

Hatua ya nne: mpunguze asetilikolini

Ndani ya striatamu kuna seli chache kubwa, kama moja hadi mbili katika kila 100, zinazomwaga asetilikolini. Hupiga karibu muda wote. Dopamini inapokuja kwa mkupuo, zenyewe hunyamaza kwa sehemu ya sekunde, na ukimya huo humsaidia dopamini kusikika. Subiri ukimya huo, kisha endelea.

Uwiano wa hawa wawili ulijulikana hospitalini kabla haujaelezwa. Jijini Paris, katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot aliwapa wagonjwa wa kutetemeka dawa iliyotokana na mimea ya jamii ya beladona, ambayo huzuia asetilikolini, na wengine walipata nafuu. Leo katika kliniki zetu za afya ya akili mgonjwa aliyeanzishiwa haloperidol mara nyingine hukakamaa, hutembea bila kupunga mikono, ulimi huwa mzito. Haloperidol huziba vipokezi vya D2. Kundi la kukataza limebaki bila wa kulituliza. Daktari akiongeza benzhexol anapunguza nguvu ya asetilikolini ili mizani irudi. Ndugu wa mgonjwa wakiona ukakamavu huo wasidhani ugonjwa wa akili umezidi wala wasimwachishe dawa wenyewe. Wamrudishe kliniki waseme walichokiona, maana ni jambo lenye tiba.

Hatua ya tano: shuka mgongoni

Ruhusa imetoka, amri imeshuka kutoka gamba la ubongo, na sasa imefika kwenye uti wa mgongo, kwa zile seli zinazoshika misuli. Huko inawakuta matarishi wengine wawili ambao hawaagizi mwendo bali hupanga ni kwa sauti gani amri itasikika.

Wa kwanza ni serotonini. Wengi wanaijua kwa habari za huzuni na furaha, lakini sehemu ya seli zake hutuma aksoni kushuka mgongoni. Barry Jacobs na mwenzake Casimir Fornal waliwafuatilia paka wakitembea na kula, wakaona kwamba seli nyingi za serotonini huongeza mapigo mwendo wa kurudiarudia unapoendelea. Kwenye uti wa mgongo serotonini hufungua ndani ya seli zinazoshika misuli mkondo wa umeme unaodumu, hivyo amri ndogo huzaa mkazo mkubwa. Lakini kazi ikizidi, serotonini hufurika hadi kwenye shina la aksoni na kushika vipokezi vya aina nyingine vinavyopunguza mapigo. Tarishi yuleyule aliyekuwa akisaidia anaanza kuzuia. Aliyetwanga kinu kizima cha mpunga na kuona mikono inakataa wakati moyo bado unataka, sehemu ya kukataa huko ilikuwa mgongoni mwake.

Wa pili ni noradrenalini, itokayo katika kiini kidogo cha shina la ubongo chenye rangi ya samawati na seli makumi ya maelfu tu. Huyu huongeza utayari wa mwili mzima. Kwa kikombe ni mwema kwa kiasi na mbaya akizidi. Mfikirie bwana harusi anayepewa kahawa mbele ya wakwe, shangazi wote wakimtazama vidole. Noradrenalini inapanda ubongoni, na adrenalini kutoka tezi za juu ya figo inafika kwenye misuli yenyewe na kushika vipokezi viitwavyo beta, na mtetemeko mdogo ambao kila mtu anao hukua hadi sahani ikagonga kikombe. Propranolol, dawa ambayo wengi huijua kwa presha na moyo, huziba vipokezi hivyo. Bwana harusi haihitaji. Anahitaji shangazi watazame kando.

Hatua ya sita: kaza msuli

Hapa tarishi ni asetilikolini tena, lakini barua inafunguliwa na msuli, na msuli hauna maswali: hujikaza. Ile asetilikolini tuliyoomba inyamaze kwenye striatamu, hapa ndiyo inayotenda. Na ikifika kwenye moyo kupitia neva ya vagasi, huupunguzia moyo mapigo. Hilo la moyo lilionyeshwa na Otto Loewi mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura wawili: aliuchokoza wa kwanza kwa umeme kwenye neva ukapunguza mapigo, akauhamishia wa pili maji uliokuwemo, na wa pili ukapunguza mapigo bila kuguswa na umeme wowote. Huo ndio uliokuwa ushahidi wazi kwamba neva huzungumza kwa kemikali. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale walishiriki Nobel.

Kikombe kimenyanyuka. Serebelamu inasawazisha.

Hatua ya saba: kunywa

Kunywa taratibu, maana kinachoingia kinakwenda kwenye mitambo ileile iliyokinyanyua. Seli za kundi la D2 katika striatamu zina pia vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya tunapochoka, na kazi ya adenosini hapo ni kinyume cha dopamini: huliamsha kundi la kukataza. Kafeini huviziba vipokezi hivyo. Makatazo yanalegea, mwili unapata wepesi. Katika utafiti wa muda mrefu uliofanyika Honolulu kwa wanaume wenye asili ya Japani, na kuchapishwa mwaka 2000, wanywaji wa kahawa walipata ugonjwa wa Parkinson kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa. Hilo halimfanyi muuza kahawa kuwa tabibu, lakini Japani mwaka 2013 iliidhinisha dawa ya Parkinson, istradefilini, inayoziba vipokezi hivyohivyo vya adenosini.

Ikishindikana

Kama umefuata hatua zote na kikombe hakikunyanyuka, au kimenyanyuka polepole mno, au mkono uliotulia pajani unatetemeka wenyewe na kuacha unapoutumia, rudi ukague hatua ya tatu.

Daktari James Parkinson wa London aliuandika ugonjwa wenye dalili hizi mwaka 1817 katika insha juu ya watu sita, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akiwa Paris, alionyesha kwamba ile michirizi myeusi ya ubongo wa wagonjwa imepauka. Mwaka 1960 jijini Vienna, Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer walipima striatamu za marehemu waliougua, wakakuta dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani wakasimama na kutembea, kwa muda mfupi lakini kwa miguu yao. Dalili zinapojitokeza, nusu ya seli za pale au zaidi huwa zimekwisha kufa. Hadi hapo zilizobaki zilikuwa zikiwabebea wenzao kazi.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyowasoma watu hawa vibaya. Mzee anachelewa kuinuka, anaitwa mvivu. Anayumba, inasemwa amelewa. Mkono unatetemeka, pananong'onwa kuwa amerogwa. Babu haonyeshi tabasamu anapoamkiwa shikamoo, wajukuu wanasema siku hizi amenuna, kumbe misuli ya uso nayo inasubiri ruhusa ambayo haiji, na ndani babu amefurahi kama zamani. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wakiishi na jambo lenye jina na dawa, bila jina na bila dawa. Muhammad Ali, aliyecheza na makofi ya George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974 kwa wepesi unaosimuliwa mpaka leo, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984, na mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki Atlanta huku mkono wake wa kushoto ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Hakuna aliyemwita mvivu.

Dopamini yenyewe haimezwi ikafika, kwa sababu ukuta kati ya damu na ubongo hauipitishi. Levodopa hupita, na ubongo huigeuza. Huchanganywa na kabidopa ili isigeuzwe kabla ya kufika, na mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mlango unaoipitisha ndio unaopitisha pia vipande vya protini, kwa hiyo kidonge kilichomezwa pamoja na sahani ya maharage na nyama huingia kwenye msongamano. Kimezwe nusu saa kabla ya chakula, au baadaye tumbo likiwa limepungua. Baada ya miaka kadhaa dawa huweza kuleta miondoko isiyotakiwa, mwili ukijinyonganyonga, nayo ni ishara ya kurudi kwa daktari kupanga upya dozi, si ya kuitupa.

Levodopa imo katika mbegu za upupu, mmea uleule unaowasha watoto wakipita vichakani. Wanasayansi wa India waliitoa humo mwaka 1937. Lakini kiasi hutofautiana mno kati ya mbegu na mbegu, na anayezitafuna hajui amemeza nini. Asizitumie bila daktari.

Ukimkuta mgonjwa amekwama mlangoni, miguu imeganda kana kwamba imeshikwa na sakafu, usimvute mkono, ataanguka. Simama ubavuni, mhesabie moja, mbili, tatu kwa sauti, au mwonyeshe mstari sakafuni auvuke. Mstari wa chaki au utepe mweupe, kwa umbali wa hatua moja moja, umewatoa wengi penye kukwama, na inadhaniwa ni kwa sababu jicho hulipatia gamba la ubongo njia nyingine ya kuanzisha hatua bila kungoja ganglia basali.

Andika saa za vidonge vyake kwenye karatasi, ibandike ukutani, na nakala ikae mfukoni mwa anayemuuguza. Akilazwa kwa ugonjwa mwingine, malaria au mguu uliovunjika, mkabidhi muuguzi wa zamu karatasi hiyo siku ileile, kwa maana dozi ikichelewa mwili hukakamaa. Mweleze pia kwamba mgonjwa akitapika asipewe metoklopramidi, na akichanganyikiwa usiku asipewe haloperidol, kwa kuwa zote mbili huziba D2.